Kicheko Ndani ya Machinjio: Kuitazama Upya Filamu ya The Texas Chainsaw Massacre 2 (1986)

IKISIRI

Makala haya yanahakiki upya filamu ya The Texas Chainsaw Massacre 2, iliyoongozwa na Tobe Hooper na kutolewa mwaka 1986. Filamu hiyo, ambayo ni mwendelezo wa filamu ya kutisha ya mwaka 1974, ilipokewa kwa ubaridi na wahakiki wengi wa wakati wake kwa hoja kwamba iligeuza hofu kuwa mzaha na kumwaga damu bila kiasi. Kwa kuongozwa na Nadharia ya Upokezi, makala yanajenga hoja kwamba utazamaji wa mara ya kwanza huihukumu filamu hii kwa kigezo cha filamu nyingine, ilhali utazamaji wa marudio hudhihirisha kuwa kicheko chake ndicho kinachoendeleza hoja ya filamu ya kwanza katika mazingira mapya ya kiuchumi. Uchambuzi umejikita katika mambo manne: mbegu za kicheko katika filamu ya 1974, biashara ya familia ya wauaji, matumizi ya mwili uliojeruhiwa, na safari ya mhusika Stretch. Makala yanahitimisha kwamba filamu hii inastahili nafasi ya juu zaidi kuliko iliyopewa, ingawa zipo kasoro ambazo marudio hayazifuti.

Maneno muhimu: filamu ya kutisha, vichekesho, mwendelezo, upokezi, kinyaa, tashtiti

1.0 Utangulizi

Filamu mwendelezo huzaliwa ikiwa na deni. Kabla mtazamaji hajaona picha ya kwanza, tayari anayo kumbukumbu ya filamu iliyotangulia, na kumbukumbu hiyo ndiyo mizani anayoitumia kupimia ile mpya. Deni hili huwa zito zaidi pale filamu ya kwanza inapokuwa imejipatia heshima. Ndivyo ilivyokuwa kwa The Texas Chainsaw Massacre 2. Filamu iliyoitangulia, ya mwaka 1974, ilipigwa kwa fedha kidogo na kwa waigizaji wasiojulikana katika joto kali la kiangazi cha Texas. Hata hivyo, ilioneshwa katika kitengo cha Wiki Mbili za Waongozaji huko Cannes mwaka 1975, na nakala yake imehifadhiwa na Jumba la Makumbusho ya Sanaa za Kisasa la New York. Kwa wanazuoni wengi, hiyo ni moja ya kazi zilizobadili mkondo wa filamu za kutisha nchini Marekani.

Miaka 12 baadaye Hooper aliirudia familia ileile ya wala watu. Watazamaji walikwenda kutafuta hofu, wakakuta vichekesho. Walitarajia ukavu wa filamu ya kwanza, ambayo kwa hakika huonesha damu kidogo kuliko sifa yake inavyodai, wakakuta vichwa vinavyokatwa, ngozi inayobanduliwa na matumbo yanayomwagika chini ya taa za rangi. Hukumu iliyotolewa na wengi ilikuwa kwamba mwongozaji ameidhihaki kazi yake mwenyewe. Hukumu hiyo ilidumu kwa miaka mingi, kisha ikaanza kulegea kadiri filamu ilivyoendelea kutazamwa na kizazi kilichokuja baadaye.

Makala haya yanauliza swali moja. Je, mtazamaji anayeipenda filamu hii zaidi katika utazamaji wa pili amezoea tu kinyaa chake, au ameona jambo ambalo kweli limo ndani ya kazi yenyewe? Swali hili lina uzito kuliko linavyoonekana. Kama jibu ni la kwanza, basi mabadiliko ya hukumu ni suala la mazoea, na uhakiki hauna la kusema. Kama jibu ni la pili, basi hukumu ya awali ilikuwa na kasoro inayoweza kuelezwa, na kuieleza ni wajibu wa uhakiki.

2.0 Usuli wa Filamu

Filamu hii ilitengenezwa na kampuni ya Cannon, iliyoendeshwa na Menahem Golan na Yoram Globus. Ilikuwa ya tatu katika mkataba wa filamu tatu kati ya kampuni hiyo na Hooper. Zilizotangulia ni Lifeforce (1985) na Invaders from Mars (1986). Muswada uliandikwa na L.M. Kit Carson, ambaye miaka miwili kabla alikuwa ameshiriki kuandaa muswada wa Paris, Texas (1984). Majeraha na viungo bandia vilisimamiwa na Tom Savini, fundi aliyekwishajipatia jina kwa Dawn of the Dead (1978) na Friday the 13th (1980).

Kisa chake kinaweza kufupishwa hivi. Vanita Brock, anayejulikana zaidi kwa jina la Stretch (Caroline Williams), ni mtangazaji wa muziki katika kituo kidogo cha redio. Usiku mmoja vijana wawili walevi wanampigia simu wakiwa garini, na wakati simu ikiwa bado hewani wanauawa kwa msumeno wa mnyororo. Kanda ya kituo inanasa mauaji hayo. Luteni Lefty Enright (Dennis Hopper), mjomba wa Sally na Franklin wa filamu ya kwanza, anamtaka Stretch aicheze kanda hiyo redioni ili wauaji wajitokeze. Wanajitokeza: Leatherface (Bill Johnson), mwenye barakoa ya ngozi ya binadamu, na nduguye Chop Top (Bill Moseley), aliyerudi kutoka vita vya Vietnam akiwa na bamba la chuma kichwani. Nyuma yao yupo kaka mkubwa, Mpishi Drayton Sawyer (Jim Siedow), ambaye sasa ni mfanyabiashara wa chakula mwenye sifa. Stretch anawafuata hadi maficho yao chini ya bustani ya burudani iliyotelekezwa, na huko ndiko nusu ya pili ya filamu inakotokea.

Mambo mawili ya nje ya filamu yaliathiri upokezi wake. La kwanza ni daraja. Chombo cha upangaji madaraja nchini Marekani kilielekea kuipa daraja la X, na hatimaye filamu ikatolewa bila daraja lolote, jambo lililopunguza kumbi na magazeti yaliyokubali kuionesha au kuitangaza. Nchini Uingereza haikupata cheti hadi mwaka 2001. La pili ni tangazo lake. Bango la filamu liliipanga familia ya wauaji kwa mkao uleule wa vijana katika bango la The Breakfast Club (1985), filamu ya wanafunzi wa sekondari iliyopendwa mwaka mmoja kabla. Bango hilo lilikuwa dokezo la wazi la namna ya kuipokea kazi hii. Wachache walilizingatia.

3.0 Mkabala wa Kinadharia

Uchambuzi huu unaongozwa na Nadharia ya Upokezi kama ilivyoasisiwa na Hans Robert Jauss mwaka 1967. Jauss anaeleza kwamba kazi ya sanaa haipokewi katika ombwe. Hupokewa ndani ya upeo wa matarajio, yaani jumla ya kaida za utanzu, kumbukumbu za kazi nyingine na uzoefu wa maisha alionao mpokeaji. Umbali kati ya upeo huo na kazi mpya unaweza kuleta kukataliwa, mshangao au uelewa unaochelewa. Kwa mtazamo huu, kukataliwa kwa kazi katika siku zake si ushahidi wa ubovu wala wa ubora wake. Ni ushahidi wa umbali tu, na mhakiki hana budi kuonesha umbali huo ulitokana na nini.

Nadharia hii inasaidiwa na dhana ya Mikhail Bakhtin ya mwili wa kikaragosi, mwili ulio wazi, unaokula na kuliwa, ambao katika sherehe za umma huunganisha kifo na kicheko. Dhana hiyo haihamishiki yote kwenye filamu hii, na mahali inapokataa kuhamishika ndipo panapofunza zaidi, kama itakavyooneshwa katika sehemu ya 4.3.

4.0 Uchambuzi

4.1 Mbegu za kicheko katika filamu ya 1974

Madai kwamba Hooper aliigeuza hofu kuwa mzaha yanachukulia kwamba filamu ya kwanza haikuwa na mzaha. Dhana hiyo haiungwi mkono na filamu yenyewe. Mpishi wa 1974, akiwa amekwisha kumfunga Sally na kumtia garini, anarudi kuzima taa za kituo chake cha mafuta kwa sababu gharama ya umeme inaweza kumfilisi mtu. Akifika nyumbani na kukuta mlango umekatwa kwa msumeno, kinachomuudhi si mauaji bali ni uharibifu wa mlango. Katika mandhari ya chakula cha usiku, Babu aliyesifiwa kuwa mchinjaji hodari kuliko wote hawezi hata kuishika nyundo. Inamponyoka na kudondoka kwenye beseni, huku wajukuu wakimshangilia.

Matukio haya yana umbo la kichekesho. Yanategemea kupishana kati ya ukubwa wa kosa na udogo wa jambo linalomshughulisha mkosaji. Kinachomzuia mtazamaji asicheke ni mayowe ya Sally, ukaribu wa kamera na sauti zinazokwaruza masikio. Hooper mwenyewe alikwishasema kwamba ucheshi wa filamu ya kwanza haukutambuliwa na wengi, na kwamba katika ya pili alikusudia kuuweka wazi. Kauli ya mwongozaji haitoshi kuwa ushahidi, kwani waongozaji husema mengi baada ya kazi kukamilika. Hapa, hata hivyo, inathibitishwa na matini: mandhari ya nyundo imerudiwa karibu hatua kwa hatua katika filamu ya pili, safari hii Stretch akiwa mahali pa Sally, na kilichobadilika ni mwanga na mwendo, si utani wenyewe.

Mtazamaji anayeziangalia filamu hizi mbili kwa kufuatana huvuna pande zote. Anaiona ya pili kuwa na mizizi, na anaisikia ya kwanza ikitoa kicheko alichokuwa hajakisikia. Mwendelezo umebadili usomaji wa kazi iliyoutangulia.

Uteuzi wa Bill Moseley unathibitisha mwelekeo huu. Moseley aliingia katika filamu kupitia filamu fupi ya dhihaka aliyokuwa ameitengeneza kuhusu filamu ya 1974, ambamo msumeno wa mnyororo unatumika kumtengeneza mteja kucha. Mwongozaji aliyekerwa na dhihaka angeipuuza filamu hiyo. Hooper alimpa mtengenezaji wake mojawapo ya nafasi kuu.

4.2 Kutoka machinjio hadi mashindano ya mapishi

Robin Wood, katika insha yake ya mwaka 1979 kuhusu filamu za kutisha za Marekani, aliisoma familia ya filamu ya kwanza kuwa ni wahanga wa mfumo wa kiuchumi. Ni watu wa machinjio waliokosa kazi baada ya mashine kuchukua nafasi ya nyundo, nao wakaendelea na ujuzi pekee waliokuwa nao. Ulaji watu, kwa Wood, ni uhusiano wa kibepari uliofikishwa mwisho wake: wenye nguvu huishi kwa kuwala wengine.

Filamu ya 1986 inaanzia pale hoja hiyo ilipoishia na kuuliza: watu hao wangekuwa wapi katika muongo wa Ronald Reagan? Jibu lake ni kwamba wangefanikiwa. Drayton Sawyer anashinda tuzo ya mapishi ya chili, mchuzi mzito wa nyama na pilipili ambao Texas inauhesabu kuwa fahari yake. Mwamuzi anapokuta jino katika bakuli, Drayton anamweleza bila kusita kuwa ni punje ngumu ya pilipili. Akiulizwa siri ya ushindi, anataja jicho lake la kuchagua nyama nzuri, kipaji cha ukoo. Umati unampigia makofi. Familia iliyokuwa imejificha katika filamu ya kwanza sasa inakula pamoja na jamii, na jamii inakula kutoka mikononi mwao.

Mpishi huyu haongei kama zimwi. Anaongea kama mfanyabiashara mdogo aliyechoka: analalamikia kodi, anagombeza wadogo zake kwa kuzembea kazini, anahofia washindani. Lefty anapomvamia akiwa na misumeno, Drayton anadhani ametumwa na kampuni pinzani, na anajaribu kumhonga. Luteni anapojitambulisha kwa maneno yenye mwangwi wa Biblia kuhusu mavuno, mpishi anashuku kuwa hicho ni kikundi kipya cha wauza vyakula vya afya. Katika utazamaji wa kwanza haya huonekana kuwa vijembe vilivyotawanywa ili kumfurahisha mtazamaji. Katika marudio hujipanga kuwa hoja moja. Drayton hana lugha nyingine isipokuwa ya biashara. Kifo cha binadamu hakina jina katika msamiati wake isipokuwa gharama na faida.

Muktadha wa mahali unaipa hoja hii makali zaidi. Mwaka 1986 bei ya mafuta ghafi iliporomoka, na uchumi wa Texas ukaporomoka nayo. Ni mwaka huohuo jimbo lilipoadhimisha miaka 150 tangu kujitangazia uhuru kutoka Meksiko mwaka 1836. Maficho ya Sawyer ni bustani ya burudani iliyofilisika, ambayo mada yake ilikuwa vita vya historia ya Texas. Lefty, akipita katika mahandaki yake, anabomoa ukuta uliochorwa picha za historia hiyo, na kutoka ndani yake matumbo yanamwagika. Taswira hii haihitaji maelezo marefu. Fahari iliyopakwa rangi ukutani imejengwa juu ya miili, na anayeigusa kwa nguvu hulowa damu.

4.3 Damu na uso wa L.G.

Lawama nzito zaidi dhidi ya filamu hii inahusu damu. Filamu ya kwanza ilidokeza. Ndoano ya nyama ilipomwingia mwathiriwa, kamera haikuonesha ikipenya. Ya pili inaonesha. Kazi ya Savini katika mandhari ya daraja, ambapo kichwa cha dereva kinakatwa na bado gari linaendelea kwenda, imekusudiwa kuonwa na kustaajabiwa. Je, hii si kuporomoka kwa sanaa kutoka dokezo hadi maonesho?

Ingekuwa hivyo kama damu yote ya filamu ingefanya kazi moja. Haifanyi. Wale vijana wawili wa mwanzo wamechorwa kuwa wakorofi, na kifo chao kimepangwa kimzaha: muuaji anacheza juu ya lori akiwa amejifunika maiti. Mtazamaji anaalikwa kucheka na anacheka. Lakini filamu inakihifadhi kicheko hicho ili ije ikidai malipo kupitia L.G. McPeters (Lou Perryman), fundi mitambo wa redio. L.G. ni mtu wa kawaida, mtemaji tumbaku, anayempenda Stretch bila matumaini makubwa. Katika tukio dogo lisilo na umuhimu wowote kwa kisa, anamjengea nyumba ndogo kwa vibanzi vya viazi. Baadaye Chop Top anamponda kwa nyundo kituoni, na huko mahandakini Leatherface anambandua ngozi kwa kisu cha umeme, kisha anamvisha Stretch uso huo na kumlazimisha acheze naye.

Hapa ndipo filamu inapovuka mpaka ambao watazamaji wengi wa mara ya kwanza hawamsamehei Hooper. Ndipo pia panapobeba uzito wake wa kimaadili. L.G. bado yu hai. Anainuka, mwili wake ukiwa umechunwa, anamwona mwanamke anayempenda akiwa amevaa uso wake, na jambo analofanya ni kumkata kamba. Halafu anakufa, na Stretch anamrudishia uso wake. Hakuna kichekesho katika kitendo hicho cha mwisho. Viungo bandia ambavyo dakika chache kabla vilikuwa mchezo wa fundi vinageuka kuwa mwili wa mtu fulani, mwenye jina na aliyejenga nyumba ya vibanzi.

Savini alitumikia vita vya Vietnam akiwa mpigapicha wa jeshi. Chop Top naye ni mtu wa vita hivyo: anakuna ukingo wa bamba la kichwa chake kwa waya wa kutundikia nguo alioupasha moto, na ana ndoto ya kufungua bustani ya burudani ya Vietnam. Filamu haitoi hotuba kuhusu vita. Inamweka tu mtu aliyejeruhiwa na vita katika biashara ya familia, naye anayawaza mauaji kama burudani inayoweza kukatiwa tiketi.

Katika hatua hii dhana ya Bakhtin inaonesha mipaka yake. Sherehe anayoizungumzia ni ya umma: mwili unashushwa ili uzaliwe upya, na kicheko ni cha wote. Uwanja wa sherehe wa Sawyer umefungwa, taa zake zinawaka kwa ajili ya wenyewe tu, na mwili hauzaliwi upya bali unauzwa kwa bakuli. Filamu ina umbo la sherehe ya Bakhtin lakini imeondoa uzazi wake. Kwa hiyo kicheko chake hakimkomboi mtazamaji. Kinamwacha na swali la kilichomchekesha.

Msomaji aliyelelewa katika hadithi za mazimwi hatauona mchanganyiko huu kuwa mgeni kabisa. Zimwi la ngano za Kiswahili ni la kutisha na la kuchekesha kwa wakati mmoja: lina tamaa, ni jinga, hudanganyika, na bado linakula watu kweli. Tofauti ni kwamba ngano humhakikishia msikilizaji kuwa werevu utashinda. Filamu ya Hooper haitoi uhakika huo.

4.4 Stretch na urithi wa msumeno

Carol Clover, katika makala yake ya mwaka 1987 kuhusu jinsia katika filamu za wauaji, aliizingatia filamu hii kwa uzito mwaka mmoja tu baada ya kutolewa, wakati magazeti yalikuwa yamekwisha kuiacha. Mchango wake unaojulikana zaidi ni dhana ya msichana wa mwisho: yule anayebaki hai, anayeona kilichotokea, na ambaye hatimaye hulazimika kushika silaha.

Stretch anaitimiza dhana hiyo kwa namna isiyo ya kawaida. Sally wa filamu ya kwanza hakuchagua kuingia katika nyumba ya wauaji ili kutafuta ukweli. Stretch anachagua. Yeye ndiye anayempelekea Lefty kanda, yeye anayekubali kuicheza, yeye anayelifuata gari la wauaji usiku. Anataka kuacha kucheza nyimbo na kuwa mwandishi wa habari za kweli. Lefty, ambaye kwa kaida za utanzu angekuwa mwokozi, anamtumia kama chambo na kisha kumsahau huku akikata nguzo za mahandaki na kuimba wimbo wa kanisani. Filamu inawaweka wanaume wawili, mwindaji na mwindwa, wakipigana kwa misumeno huku mwanamke akijitafutia njia ya kutoka.

Mandhari ya kituo cha redio inaonesha jinsi anavyookoka. Akibanwa ukutani na Leatherface, Stretch anagundua kwamba muuaji huyu ana haya kama mvulana, na anazungumza naye kana kwamba ni mchumba. Msumeno unazimika. Leatherface anamdanganya nduguye kwamba kazi imekwisha. Methali isemayo zimwi likujualo halikuli likakwisha inapata hapa maana yake kamili pamoja na uchungu wake, kwa kuwa usalama unaonunuliwa kwa kujuana na zimwi ni deni litakalodaiwa. Mandhari hii inakera, na ilikusudiwa ikere. Inafichua jambo ambalo filamu nyingi za aina hii hulificha, yaani kwamba msumeno umewekwa mahali pa tamaa isiyoweza kusemwa. Drayton, anapogundua, anampa mdogo wake uchaguzi wa wazi kati ya mwanamke na msumeno, na kwake msumeno ndio familia.

Mwisho wa filamu unakamilisha hoja. Baada ya bomu la mkono kulipuka chini, Stretch anapanda hadi kileleni pa mnara wa bustani huku Chop Top akimkatakata kwa wembe. Huko juu kuna maiti iliyokaushwa ya bibi wa familia, ikiwa na msumeno kama kitu kitakatifu. Stretch anauchukua, anamkata Chop Top, kisha anauzungusha hewani akipiga mayowe. Ni picha ileile iliyofunga filamu ya kwanza, pale Leatherface alipocheza na msumeno wake katika jua la asubuhi. Katika utazamaji wa kwanza mwisho huu unaweza kushangiliwa kuwa ushindi. Katika wa pili ushangiliaji unakwama kooni. Stretch ameokoka kwa kuchukua urithi wa familia kutoka mikononi mwa bibi yao, na ngoma anayoicheza ni yao.

5.0 Kasoro Zisizofutwa na Marudio

Uhakiki unaorudi kwa kazi iliyodharauliwa hukabiliwa na kishawishi cha kugeuza kila kasoro kuwa ustadi uliofichika. Filamu hii haihitaji utetezi wa aina hiyo. Sehemu ya mahandakini ni ndefu kuliko mahitaji yake, na mateso ya Stretch yanarudiwa hadi mayowe yanapoteza maana. Kisa cha Lefty kimeachwa nusu: mjomba mwenye kisasi cha miaka 13 anapewa mandhari nzuri ya kununua na kujaribu misumeno dukani, kisha anapotea katika vipande vya kukata mbao hadi pambano la mwisho. Uhusiano wake na Stretch, ambao ungeweza kubeba hoja ya uwajibikaji, unakatika bila kumalizwa.

Ipo pia kasoro ya kimaadili isiyopaswa kupuuzwa. Filamu inakosoa tamaa iliyogeuzwa kuwa ukatili, lakini kamera yake mara kadhaa inamtazama Stretch kwa jicho lilelile inalolikosoa. Hapa tashtiti na kitu kinachotashtitiwa vinakaribiana mno. Mtazamaji anayekereka kwa sababu hii hajakosea kusoma, na marudio hayawajibiki kumshawishi vinginevyo.

6.0 Hitimisho

Makala yameonesha kwamba kukataliwa kwa The Texas Chainsaw Massacre 2 kulitokana kwa kiasi kikubwa na umbali kati ya filamu na upeo wa matarajio uliojengwa na filamu ya 1974. Watazamaji walidai hofu ileile kutoka kwa mwongozaji aliyeona kwamba hofu ile, ikirudiwa, ingekuwa bidhaa. Badala yake alichukua kicheko kilichokuwa kimejificha ndani yake na kukiweka mbele, katika nchi ambayo sasa iliwatuza watu kama Drayton Sawyer.

Kwa hiyo swali lililoulizwa mwanzoni linaweza kujibiwa. Mazoea yana sehemu yake, kwani anayerudi tayari anajua ni lini afumbe macho. Lakini mazoea peke yake yangeufanya utazamaji wa pili kuwa mwepesi zaidi, na sivyo ilivyo. Anayerudi huifurahia zaidi nusu ya kwanza na kuumizwa zaidi na nusu ya pili. Anacheka zaidi katika mashindano ya mapishi, kwa kuwa sasa anajua kilichomo bakulini. Na L.G. anapoanza kupanga vibanzi vyake mezani, anayejua uso huo utakwenda wapi hawezi tena kuitazama nyumba hiyo ndogo kama kichekesho cha kupita.